Jinsi ya Kuandaa Mjazo wa Mkate kwa Bata Mzinga wa Sikukuu

Mjazo wa bata mzinga ni mkate uliokaushwa, ukachanganywa na vitunguu, seleri na majani yenye harufu vilivyokaangwa kwa siagi, ukaloweshwa kwa supu, ukashikanishwa kwa yai, kisha ukaokwa. Kazi yenyewe si ngumu, na kinachowashinda wapishi wengi ni unyevu tu. Mkate ukitiwa ukiwa bado na maji yake, hauna nafasi ya kunywa supu, na hapo mpishi huambulia rojo lisilo na ladha nyingine isipokuwa ya mkate uliolowa. Supu nayo ikiwa haba, mjazo hutoka makombo makavu yanayokwama kooni. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu utakaa zaidi kwenye mkate na supu, ambako ndiko mjazo huharibikia, na utapita haraka kwenye viungo, ambavyo kila mpishi anaweza kuvipanga apendavyo.

Vipimo vifuatavyo vinatosha watu wanane hadi kumi, pamoja na bata mzinga wa kilo 5 hadi 6. Utahitaji mkate mweupe gramu 700, siagi gramu 115 na nyingine kidogo ya kupaka trei, vitunguu maji viwili vikubwa, mabua manne ya seleri, punje tatu za vitunguu saumu, vijiko viwili vya chakula vya majani mabichi ya seji yaliyokatwakatwa, kijiko kimoja cha chakula cha majani ya thaimu, nusu kikombe cha paseli, mayai mawili, na supu isiyo na chumvi nyingi kati ya mililita 600 na 700. Chumvi ni kijiko kimoja cha chai na pilipili manga nusu ya hicho, lakini vyote viwili vitarekebishwa kwa kuonja. Ukipenda nyama ndani ya mjazo, ongeza soseji gramu 350.

Mkate

Chagua mkate ambao sehemu yake ya ndani imeshikana na ina matundu madogo. Mkate wenye matundu makubwa hunywa supu bila mpangilio, kipande kimoja kikalowa chapachapa huku jirani yake akibaki mkavu. Mkate mtamu, au uliokandwa kwa maziwa na siagi nyingi, hulainika upesi na utamu wake hushindana na vitunguu, ambavyo navyo huwa vitamu vikishakaangwa. Mkate wa ngano isiyokobolewa unaweza kuchukua hadi theluthi moja ya uzito wote, lakini ukizidi hapo mjazo huwa mzito. Ganda usiliondoe, kwa kuwa ndilo linalobaki na ukakamavu baada ya kuokwa na kuupa mjazo kitu cha kutafunwa.

Kata mkate vipande vya mraba vyenye upana wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Ukubwa huo si suala la urembo. Vipande vikiwa vidogo mno hugeuka unga mara tu vinapokutana na supu, na vikiwa vikubwa mno hubaki vyeupe na visivyo na ladha katikati. Hata viwanda vililiona jambo hili: General Foods ya Marekani ilipoanza kuuza mjazo wa pakiti uitwao Stove Top mwaka 1972, hataza iliyotolewa mwaka 1975, ambayo Ruth Siems ni mmoja wa wavumbuzi wake, ilihusu kwa sehemu kubwa ukubwa na umbo la vipande vya mkate, ili viweze kunywa maji kwa dakika chache bila kusambaratika.

Baada ya kukata, vikaushe. Wengi huamini kwamba mkate uliolala siku mbili tatu unatosha, na hapa ndipo ninapotofautiana nao. Mkate uliolala huwa mgumu hasa kwa sababu wanga wake umejipanga upya na kukaza, wala si lazima kwamba maji yametoka. Ndiyo maana ukiupasha moto hulainika tena kama wa jana. Mkate wa namna hiyo una maji mengi bado na hautapokea supu ya kutosha. Mkate unaokaushwa kwa oveni hutoa maji yenyewe, na nafasi iliyoachwa na maji hayo ndiyo itakayojazwa na supu yenye ladha.

Tandaza vipande katika trei mbili pana, visirundikane, uviweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 135 za Selsiasi kwa muda wa dakika 45 hadi 60, ukivigeuza mara mbili ili upande wa chini usitangulie kubadilika rangi. Lengo si kuvichoma bali kuvikausha hadi kitovuni, kwa hiyo rangi ya dhahabu hafifu inatosha. Toa kipande kimoja, kiache kipoe, kisha kivunje kwa vidole: kivunjike kwa mlio, na ukibonyeza katikati yake usikute ulaini wowote. Ukipenda uhakika zaidi, pima uzito. Gramu 700 za mkate zikikauka sawasawa hupungua kati ya robo na theluthi. Vikishapoa kabisa, hifadhi vipande katika chombo kinachofunga vizuri, na vinaweza kukaa siku mbili au tatu bila hofu, jambo linalokupunguzia kazi kubwa siku yenyewe ya sikukuu.

Vitunguu, seleri na majani

Kata vitunguu na seleri vipande vidogo kuliko vile vya mkate, ili kila kijiko kinachochotwa kipate vyote. Yeyusha siagi katika kikaango kipana kwa moto wa wastani, tia vitunguu na seleri pamoja na nusu ya chumvi, kisha ukoroge mara kwa mara kwa dakika kumi hadi kumi na mbili. Chumvi inayotangulia huvuta maji ya vitunguu na kuvisaidia kulainika kabla havijabadilika rangi. Visiwe vya kahawia. Viwe laini, ving'avu, na seleri isiwe na ule ugumu wake wa ubichi, kwa sababu muda wa oveni hautoshi kuilainisha ikiingia ikiwa mbichi. Tia vitunguu saumu vilivyopondwa katika dakika mbili za mwisho, pamoja na seji na thaimu. Harufu ya majani haya huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo dakika hizo mbili ndani ya siagi ya moto zina faida kubwa kuliko kuyanyunyiza juu ya mkate. Paseli isubiri hadi wakati wa kuchanganya.

Seji inastahili tahadhari. Ndiyo inayoupa mjazo harufu inayojulikana, lakini ikizidi huleta uchungu na kuukaribisha ladha ya dawa. Ukitumia ya kukausha, theluthi moja ya kipimo cha mbichi inatosha, na kama kikopo chake kimekaa kabatini tangu sikukuu iliyopita, kinuse kwanza, kwa maana majani yaliyopoteza harufu hayataipata ndani ya oveni.

Wanaoongeza soseji wavue ngozi yake, waivunjevunje kwa mwiko na kuikaanga peke yake hadi iive kabisa, pasibaki wekundu wowote. Soseji ya ng'ombe, ya kuku au ya nguruwe zote hufaa. Nyama mbichi isichanganywe na mkate kwa matumaini kwamba itaivia humo humo, hasa ikiwa mjazo utaingia tumboni mwa bata. Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya siagi.

Supu na kulowesha

Supu iliyo bora kuliko zote iko ndani ya bata mwenyewe. Bata mzinga wengi huuzwa na kifuko chenye shingo, firigisi, moyo na ini. Toa kifuko hicho, weka ini kando kwa kuwa likichemshwa muda mrefu huifanya supu kuwa chungu, na vilivyosalia vitie katika sufuria yenye lita moja na nusu ya maji, kitunguu kilichopasuliwa, bua la seleri na punje chache za pilipili manga. Acha ichemke polepole kwa saa moja na nusu, ukiengua povu linapojitokeza, kisha uichuje. Nyama ya shingo na firigisi inaweza kukatwa vipande vidogo sana na kuingizwa katika mjazo. Usitie chumvi supu hii. Atakayetumia supu ya pakiti au vidonge vya kuchemshia akumbuke kwamba vingi vina chumvi nyingi, na kwamba bata aliyelowekwa katika maji ya chumvi kabla ya kuokwa naye atachangia chumvi yake.

Sasa weka mkate katika bakuli kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, mimina juu yake vitunguu, seleri na siagi yote ya kikaangoni, tia paseli, soseji kama ipo, na pilipili manga, kisha uchanganye kwa mikono kuanzia chini kwenda juu. Supu iwe ya uvuguvugu. Ikiwa ya moto sana itapika mayai kabla ya wakati, na ya baridi hugandisha siagi na huchukua muda mrefu kupenya. Anza na mililita 400, uzizungushe bakuli zima badala ya kuzimwaga mahali pamoja, geuza taratibu, halafu uache kwa dakika kumi bila kugusa.

Kungoja huko ndiko kunakorukwa na wengi. Mara baada ya kumimina, vipande huonekana vimelowa nje ilhali ndani ni vikavu, na mpishi mwenye haraka huongeza supu ambayo dakika chache baadaye huonekana kuwa imezidi. Baada ya dakika kumi, chota mkono mmoja na ufumbate kwa nguvu za wastani. Ukifumbua, mjazo ushikamane kwa kufuata umbo la kiganja chako. Ukiuchokoza kwa kidole, uachane vipande vipande. Na pasiwe na supu inayochuruzika kati ya vidole. Ukianguka makombo kabla hujauchokoza, ongeza supu mililita 50 kwa wakati mmoja, ukingoja kidogo kila mara. Pasua pia kipande kimoja utazame katikati yake: penye alama nyeupe kavu bado panadai supu.

Onja sasa, kabla ya mayai. Mjazo ambao haujaokwa unapaswa kuwa na chumvi iliyokolea kidogo kuliko unavyotaka mezani, kwa kuwa mkate hupooza ladha. Ukisharidhika, piga mayai mawili pamoja na vijiko vichache vya supu iliyobaki na uyachanganye. Kazi ya yai ni kushikanisha, na likizidi mjazo hukaza na kukatika kama keki, kwa hiyo usiongeze la tatu hata kama mayai ni madogo.

Tumboni au katika trei

Swali hili huleta ubishi kila mwaka. Mjazo unaoivia tumboni hunywa maji ya nyama na mafuta yake, na hakuna mbinu ya trei inayofikia ladha hiyo kikamilifu. Hata hivyo, mimi hupendekeza trei, kwa sababu ya hesabu ya joto. Maji ya nyama mbichi yanayopenya ndani ya mkate yanaweza kuwa na bakteria wa Salmonella na Campylobacter, kwa hiyo katikati ya mjazo lazima pafikie nyuzi 74. Mahali hapo ndipo panapochelewa kuliko sehemu zote za bata, na wakati panapofikia kiwango hicho, nyama ya kidari, ambayo nayo ilihitaji nyuzi 74 tu, huwa imeshapita mbali na kukauka. Anayejaza tumbo, kwa hakika, anabadilisha kidari kwa mjazo.

Ipo njia ya katikati. Paka siagi trei yenye ukubwa wa takriban sentimita 23 kwa 33, tandaza mjazo humo bila kuubonyeza, kisha upange juu yake mabawa mawili au matatu ya bata mzinga au ya kuku, yaliyopakwa chumvi na kukatwa kwenye viungo. Funika kwa karatasi ya alumini na uoke kwa nyuzi 190. Ngozi ya mabawa hutoa mafuta na maji yake polepole, na vyote hushukia kwenye mkate ulio chini. Baada ya saa moja funua, na uendelee kuoka hadi mabawa yawe ya kahawia na kipimajoto kikionyesha nyuzi 74 au zaidi katika mabawa na katika mjazo wenyewe. Yaondoe, ulainishe uso wa mjazo kwa uma, na uurudishe katika oveni kwa dakika chache hadi juu pakauke na kuwa pa dhahabu.

Asiye na mabawa aoke mjazo ukiwa umefunikwa kwa nyuzi 175 kwa dakika 30, kisha aufunue, adondoshee vipande vidogo vya siagi juu, apandishe joto hadi nyuzi 200 na kuuacha dakika 15 hadi 25 zaidi. Kingo zitakuwa kavu na zenye mlio, katikati patakuwa laini. Kwa kuwa bata akishatoka katika oveni anahitaji kupumzishwa kabla ya kukatwa, huo ndio muda mwafaka wa kumalizia trei ya mjazo, na maji kidogo yaliyokusanyika chini ya bata yanaweza kunyunyizwa juu yake.

Anayeshikilia tumbo naye afuate masharti haya bila kupunguza. Bata awe ameyeyuka barafu kabisa. Ndani ya friji, kila kilo 2 hadi kilo 2 na robo huhitaji takriban saa 24, kwa hiyo bata wa kilo 6 huchukua karibu siku tatu. Mkate na viungo vikavu vinaweza kutayarishwa jana yake, na vitunguu vilivyokaangwa vikakaa katika friji, lakini vikavu na vyenye maji visichanganywe hadi muda mfupi kabla ya kujaza, na bata aliyejazwa aingie katika oveni papo hapo. Kumjaza jioni na kumlaza katika friji hadi asubuhi ni hatari, kwa sababu mjazo ulio katikati ya nyama hupoa kwa shida na kupata moto kwa shida. Mjazo uwe na unyevu wa kutosha, maana joto huua bakteria upesi zaidi penye unyevu kuliko penye ukavu.

Jaza kwa kulegeza, usishindilie. Kadiria kikombe kimoja na nusu kwa kila kilo ya bata na uache nafasi, kwa kuwa mkate hutanuka ukinywa maji ya nyama; kitakachobaki kiende katika trei ndogo. Baadhi ya wapishi huushona mjazo ndani ya mfuko wa melimeli safi, jambo linalorahisisha kuutoa wote kwa mkupuo. Oveni isiwe chini ya nyuzi 165. Kwa joto hilo, bata aliyejazwa wa kilo 3.6 hadi 5.4 huchukua takriban saa tatu hadi tatu na nusu, na wa kilo 5.4 hadi 6.4 huchukua saa tatu na nusu hadi nne, lakini saa hizo ni za kukadiria tu. Choma kipimajoto katika sehemu nene ya kidari na ya paja bila kugusa mfupa, kisha katika kitovu cha mjazo, na kila mahali pasome nyuzi 74. Nyama ikiwa tayari na mjazo haujafikia, toa mjazo wote, utie katika trei na umalizie katika oveni. Ukiwa tayari, mwache bata atulie dakika 20, kisha uondoe mjazo wote kabla ya kuanza kukata nyama.

Mabadiliko yanayokubalika

Siku ya Shukrani nchini Marekani, inayoangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, familia nyingi za majimbo ya kusini hutumia mkate wa unga wa mahindi. Mkate huo hauna ushikamano wa ngano, kwa hiyo changanya nusu yake na nusu ya mkate mweupe, au upunguze kukoroga. Katika maeneo ya pwani wapo wanaotia chaza, ambao lazima wapikwe kwanza. Waingereza nao hupenda mjazo wa seji na vitunguu uliotengenezwa kwa chenga laini za mkate na kufinyangwa mabonge madogo yanayookwa kando ya nyama. Tofaa chachu lililokatwa vipande vidogo hupatana vizuri na soseji. Zabibu kavu zitiwe kwa uchache. Uyoga ni badiliko ninalolipendelea kuliko yote, ila ukaangwe peke yake hadi maji yake yote yakauke na uanze kubadilika rangi, la sivyo utayaachia maji hayo ndani ya mkate uliohangaika kuukausha.

Mjazo uliobaki usikae mezani zaidi ya saa mbili. Utandaze katika chombo kifupi ili upoe haraka, uufunike, uuweke katika friji na uumalize ndani ya siku tatu au nne. Wakati wa kuupasha, nyunyiza supu kidogo, funika kwa karatasi ya alumini na uufikishe tena nyuzi 74. Au ukate vipande bapa, uvikaange kwa siagi pande zote mbili hadi viwe na ganda la kahawia, na uvile kwa yai.